Rubato ni Wizi Wala Si Uhuru

Iko tafsiri moja inayozunguka katika madarasa ya muziki yanayofundishwa kwa Kiswahili ambayo, kwa rai yangu, yafaa ipingwe kabla haijaota mizizi mirefu. Tafsiri yenyewe ni ya maneno mawili ya Kiitaliano, tempo rubato, ambayo watunzi wa Ulaya huyaandika juu ya noti zao ili kumwelekeza mwimbaji au mpigaji wa piano. Wako wanaoyafasiri maneno hayo "kasi huru", na wako wanaoridhika kusema "mwendo wa hiari". Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo, akikutana na neno rubato katika karatasi yake, hujiona amefunguliwa minyororo. Huvuta apendapo kuvuta, hukimbia apendapo kukimbia, na akiulizwa hesabu ya mapigo iko wapi, hujibu kwamba mtunzi mwenyewe ameiondoa.

Nasema kwamba mtunzi hakuiondoa. Nasema zaidi ya hapo, kwamba neno rubato lakosa maana kabisa mahali ambapo hesabu haipo. Madai haya nitayatetea kwanza kwa ushahidi wa lugha, kisha kwa ushahidi wa watu waliolitumia neno, na baada ya hapo nitawajibu wapinzani wangu, ambao baadhi yao wana hoja nzito zisizostahili kupuuzwa.

Tuanze na lugha. Rubare katika Kiitaliano ni kuiba. Si kulegeza, si kufungua, wala si kuacha huru. Ni kuiba kule kule kunakomfikisha mtu mbele ya hakimu. Mtu aliyeibiwa mkoba wake sokoni Napoli hulitumia neno hilo hilo anapokwenda kushitaki. Rubato ni sifa itokanayo na kitenzi hicho, nayo maana yake ni -lioibwa. Tena si neno ambalo Waitaliano walilirithi kutoka Kilatini. Liliingia kutoka lugha za kale za jamii ya Kijerumani, zilizosemwa na makabila yaliyoshuka Italia wakati dola la Kirumi la magharibi lilipovunjika katika karne ya 5 na baada yake. Ndugu zake wangali hai mpaka leo: Kijerumani kina rauben, yaani kunyang'anya, na Kiingereza kina rob, chenye maana hiyo hiyo. Katika mzizi huo huo Waitaliano walipata roba, yaani vitu au mali, na Wafaransa wakapata robe, yaani vazi, kwa kuwa hapo kale nguo aliyovuliwa adui ilihesabiwa katika nyara.

Neno hili, basi, lilizaliwa vitani, na upande wowote utakaoligeuzia utakuta ndani yake watu wawili: aliyechukua na aliyechukuliwa. Hapo ndipo ilipo nguvu yake yote. Wizi hauwezi kutokea penye kitu kisicho na mwenyewe. Aokotaye kuni katika msitu usiomilikiwa na mtu hakuiba, na atekaye maji baharini hakuiba. Ili pawe na mwizi lazima pawe na mali, pawe na mwenye mali, na pawe na sheria inayosema kwamba mali hii ni ya huyu wala si ya yule. Ukiiondoa sheria umemwondoa na mwizi. Mtu anayeniambia kwamba rubato ni kucheza bila sheria ya wakati ananiambia kwamba kuna wizi mahali pasipo na mali, jambo ambalo akili haikubali.

Sasa tulitazame neno la kwanza, kwa kuwa nalo limetendewa vibaya. Tempo katika Kiitaliano si kasi. Limetoka katika neno la Kilatini tempus, na maana yake ya kwanza ni wakati. Mwitaliano hulitumia hata anapotaka kusema kwamba leo hali ya hewa ni nzuri au mbaya. Katika muziki lilitaja kwanza kipimo cha wakati wa noti na hesabu ya mapigo. Maana ya kasi, yaani wepesi au uzito wa mwendo, ndiyo iliyoenea katika lugha nyingine zilizoliazima neno, Kiingereza kikiwa mojawapo, na kutoka huko ikatufikia sisi. Basi tempo rubato si kasi iliyofanywa hili wala lile. Ni wakati ulioibwa. Na tofauti hii si ya maneno matupu, kwa sababu kasi haiibiki. Hakuna mtu aliyepata kuiba mbio za mwenziwe. Lakini wakati waweza kumegwa kwa huyu na kuongezwa kwa yule, kama shamba la jirani linavyomegwa kwa kusogezwa mpaka.

Nitatoa mfano ili msomaji asiyejua noti asipotee. Tuseme mwimbaji ana noti tatu mfululizo, na kila noti imepewa pigo moja. Jumla ni mapigo matatu. Mwimbaji, kwa huzuni ya wimbo, aing'ang'ania noti ya kwanza kwa pigo moja na nusu. Noti ya pili yabakiwa na nusu pigo, yaimbwa kwa haraka, na ya tatu yaingia pale pale ilipotazamiwa. Wapigaji wanaomsindikiza hawakusogea hata unywele. Wao walikuwa wakihesabu moja, mbili, tatu. Noti ya kwanza imetajirika kwa mali ya noti ya pili, na jumla imebaki tatu. Huo ndio wizi unaosemwa. Msikilizaji ausikia kwa sababu masikio yake yana mizani mbili kwa mara moja: mizani ya wasindikizaji isiyotikisika, na mizani ya mwimbaji inayocheza juu yake. Waondoe wasindikizaji na hesabu yao, na msikilizaji hatajua tena kama kuna kilichochukuliwa.

Haya siyo maelezo niliyoyabuni mimi. Mwaka 1723 mwimbaji na mwalimu wa kuimba aliyeitwa Pier Francesco Tosi alichapisha mjini Bologna kitabu cha maoni yake juu ya waimbaji wa zamani na wa siku zake. Kitabu hicho kilipendwa mno hata kikafasiriwa kwa Kiingereza na Galliard mwaka 1742, na kwa Kijerumani na Agricola mwaka 1757. Humo Tosi alieleza habari ya kuiba wakati kwa maneno yaliyo wazi. Asiyejua kuiba wakati katika kuimba, kwa rai yake, alikosa ladha iliyo bora na ujuzi ulio mkubwa. Aliuita wizi huo wizi wa heshima, hasa katika nyimbo za majonzi, lakini akauwekea sharti: mwizi ajue kurudisha, tena arudishe kwa werevu na kwa uzuri. Na sauti ya besi, iliyo chini ya mwimbaji, yeye aliitaka iende kwa mwendo ulio sawa.

Tazama jinsi mzee huyo alivyolipima neno lake. Angeweza kusema kuazima. Hata leo wako wenye moyo mpole wanaopendekeza tuseme "wakati ulioazimwa", kwa hoja kwamba kitu kinachorudishwa hakikuibwa bali kiliazimwa. Hoja hiyo ni nzuri katika mambo ya mahakama, lakini katika muziki yapotosha. Mwazimaji hubisha hodi, husema haja yake, na mwenye mali hukubali au hukataa. Mwimbaji wa Tosi habishi hodi. Hamwombi besi ruhusa, wala besi hapaswi kujua. Siku besi atakapojua na kumngojea, wizi umekwisha, kwa maana wote wawili wamekwenda polepole pamoja na hakuna aliyepungukiwa. Kwa hiyo usiri ni sehemu ya tendo lenyewe, na neno kuiba ndilo linaloubeba. Kuazima hakuubebi.

Baada ya miaka zaidi ya 50 twamwona Mozart akishuhudia jambo lile lile. Katika barua aliyomwandikia baba yake kutoka Augsburg mwezi wa Oktoba, 1777, akiwa na umri wa miaka 21, alieleza kwamba watu wa huko walistaajabu kuona anavyoshika wakati sawasawa siku zote. Hawakuweza kufahamu, akasema, jinsi apigapo tempo rubato katika kipande cha polepole mkono wake wa kushoto uendeleavyo kama kwamba haukusikia neno. Kwao wao mkono wa kushoto hulegea na kuufuata wa kulia. Katika barua hiyo tunao wapigaji wa aina mbili, na mabishano yetu ya leo yamo humo humo. Wale wa Augsburg ndio waliokuwa wakipiga "kasi huru". Mozart ndiye aliyekuwa akipiga rubato.

Kisha akaja Chopin, ambaye jina lake limeambatana na neno hili kuliko jina la mtu mwingine yeyote, na ambaye kwa bahati mbaya hutajwa kila mara kama shahidi wa upande wa uhuru. Wanafunzi wake hawakushuhudia hivyo. Karol Mikuli, aliyesoma kwake mjini Paris na baadaye kuzisimamia kazi zake zikichapwa, aliandika kwamba metronomu haikuondoka juu ya piano ya mwalimu wake, na kwamba mkono wenye kazi ya kusindikiza ulishika hesabu kwa ukali wakati mkono wenye kuimba ukijipatia wasaa wake. Wilhelm von Lenz naye alieleza kwamba Chopin aliufananisha mkono wa kushoto na kiongozi wa bendi. Tena yajulikana kwamba Chopin alipenda sana opera ya Kiitaliano, na kwamba aliwahimiza wanafunzi wakawasikilize waimbaji ili wajue kupiga piano. Alichokifanya, basi, ni kuyahamisha mafundisho ya waimbaji wa Italia kutoka kooni hadi vidoleni. Mkono wake wa kulia ulikuwa mwimbaji wa Tosi, na mkono wake wa kushoto ulikuwa besi wa Tosi.

Kuna ushahidi mwingine wa lugha ambao sikupata kusikia mtetezi wa "kasi huru" akiujibu. Waitaliano hawakukosa maneno ya uhuru. Mtunzi atakaye mpigaji aende bila hesabu huandika senza misura, yaani bila kipimo. Atakaye aende atakavyo huandika a piacere, yaani upendavyo, au huchukua Kilatini akaandika ad libitum. Atakaye mwendo uzuiliwe huandika ritenuto; atakaye uongezwe huandika accelerando. Na penye mazungumzo ya opera yanayoimbwa kwa kufuata mwendo wa usemi, liko jina la recitativo tangu karne ya 17. Kila aina ya ulegevu ina neno lake, na kila neno lina kazi yake. Ikiwa rubato nayo ni uhuru, kwa nini ghala lililojaa liongezewe gunia jingine la nafaka ile ile? Lugha haina mkono wa ubadhirifu kiasi hicho.

Sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, maana tunalo nyumbani. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, mizani na vina vilikuwa vimekwisha kuwa sheria zinazojulikana na kila mtunzi wa pwani, na yeye aliziweka katika maandishi ili wanafunzi wazisome. Katika utunzi huo kuna desturi iitwayo inkisari. Mshairi ana nafasi ya mizani nne, na neno analolitaka ni "aliyekuja", lenye mizani tano. Hafanyi nini? Huandika "alokuja". Mizani moja imeibwa tumboni mwa neno ili hesabu ya mshororo isimame. Pengine hufanya kinyume chake, akalirefusha neno lililo fupi, na hiyo huitwa mazda. Maneno hunyimwa na hupewa, lakini mizani ya mshororo, ikiwa ni 16, hubaki 16.

Sasa na tuulize: je, inkisari ni uhuru wa mshairi? Watu husema hivyo kwa wepesi wa ulimi, lakini tumtazame mshairi aliye huru kweli kweli. Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 tumekuwa na mashairi ya Kiswahili yasiyofungwa na vina wala mizani, na mabishano yaliyofuata yanajulikana, sitayafufua hapa. Nataka jambo moja tu. Mtunzi wa shairi huru hana haja ya inkisari. Ataandika "aliyekuja" kwa ukamilifu wake, kwa sababu hakuna hesabu inayomdai mizani ya tano. Inkisari huishi penye mizani, na hufa mizani inapokufa. Rubato ni vivyo hivyo. Mwenye kulifasiri rubato "uhuru" amefanya kosa lile lile ambalo angelifanya mgeni aliyeifasiri inkisari "shairi huru". Kosa hilo la pili tungelicheka. La kwanza tunaliingiza katika orodha za istilahi.

Nakuja kwa wapinzani. Wa kwanza ni mwanaisimu mwenzangu, naye husema: neno si mateka wa asili yake. Hutoa mfano wa neno letu gereza, ambalo wataalamu hulihusisha na neno la Kireno igreja, yaani kanisa, na ambalo leo hakuna Mswahili anayelitumia kwa maana ya nyumba ya ibada. Ikiwa kanisa limeweza kuwa kifungo, asema, kwa nini wizi usiwe uhuru? Namkubalia kanuni yake na kumkatalia hukumu yake. Mimi sikusema kwamba maana ya neno hukaa katika mzizi wake. Nimesema kwamba Tosi, Mozart na Chopin, kila mmoja katika kizazi chake, walilitenda jambo lililo sawasawa na mzizi huo, wakijua walitendalo. Maana ya kale ya gereza imekufa katika vinywa vya watu. Maana ya kale ya rubato haikufa. Ingali inatendwa, na hili nitalionyesha hapa chini.

Mpinzani wa pili ni Berlioz, mtunzi mkubwa wa Ufaransa aliyemfahamu Chopin uso kwa uso. Katika kumbukumbu zake alilalamika kwamba Chopin hakuvumilia lijamu ya hesabu, na kwamba aliupeleka mbali mno uhuru wa mapigo. Na Charles Hallé, mpigaji piano aliyeishi naye mji mmoja, alisimulia kisa cha ajabu zaidi. Alimwambia Chopin kwamba ngoma zake za mazurka, zilizoandikwa kwa mapigo matatu, alikuwa akizipiga kama za mapigo manne. Chopin alikana. Hallé akamwomba apige, na huku akihesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, nne, na hesabu ikalingana. Chopin akacheka, akaeleza kwamba hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya watu wa kwao. Wapinzani wangu hukipenda kisa hiki. Mimi nakipenda kuwapita wao. Hallé aliwezaje kuhesabu? Kitu kilicho huru hakihesabiki. Pigo la nne lilikuja kila mara mahali pake, kwa sababu Chopin alikuwa akifuata sheria, ila sheria yenyewe ilikuwa ya mguu wa mchezaji wa Poland, wala si ile iliyoandikwa katika karatasi. Kisa cha Hallé chathibitisha kwamba karatasi haikuandika yote. Hakithibitishi hata kidogo kwamba Chopin hakuwa na hesabu. Ama Berlioz, yeye alikuwa mtu wa okestra, na kiongozi wa okestra hana raha na mkono wowote unaotoka nje ya fimbo yake.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu. Paderewski, mpigaji piano mashuhuri aliyekuwa waziri mkuu wa Poland mwaka 1919, aliandika insha juu ya tempo rubato iliyochapishwa mwaka 1909. Ndani yake aliikejeli nadharia ya kurudisha kilichoibwa. Alisema kwamba maadili ya nadharia hiyo ni ya juu mno kwake, na kwamba kilichopotea katika muziki hakilazimiki kupatikana tena. Baada yake John McEwen, mwaka 1928, alizipima karatasi zilizotobolewa za piano zijipigazo zenyewe, ambazo zilihifadhi upigaji wa mabingwa, akaona kwamba deni halilipwi kama vitabu vilivyodai. Ushahidi huu siukatai, wala sitaki mwanafunzi yeyote afichwe.

Lakini yatubidi tuone umevunja kitu gani na umeacha kitu gani. Paderewski na McEwen wamekanusha kurudisha; hawakukanusha kuiba. Mtu asemaye kwamba deni halikulipwa amekiri kwamba deni lilikuwapo, na deni huandikwa katika daftari la hesabu. Zaidi ya hayo, jambo walilokuwa wakilizungumza si lile la Tosi. Katika karne ya 19 neno rubato lilianza kutumiwa kwa tendo la pili: mikono yote miwili, au okestra nzima, kuharakisha na kukawia pamoja. Richard Hudson, katika kitabu chake cha mwaka 1994 juu ya historia ya neno hili, amezitenga rubato hizo mbili, ya awali na ya baadaye, na kutenga huko kumeondoa ugomvi mwingi. Rubato ya baadaye ipo, nami siwezi kuifuta kwa kalamu. Lakini hata hiyo hainyumbuki ila juu ya kitu kilichonyooka. Msikilizaji hutambua kwamba mpigaji amekawia kwa sababu tu alitazamia asikawie, na matazamio hayo yalijengwa na mapigo yaliyotangulia.

Na ile ya awali haikufa. Mwaka 1906 Leschetizky, mzee aliyezaliwa mwaka 1830 na mwalimu wa Paderewski mwenyewe, aliipiga kazi ya Chopin katika karatasi za piano ya aina ile niliyoitaja, na mtu akiisikiliza leo atasikia mara kwa mara mkono wa kulia ukichelewa kuufikia wa kushoto. Katika muziki wa Marekani wizi huo unajulikana hata kwa watu wasiopata kulisikia jina la Tosi. Mwanafunzi na azitafute santuri za Billie Holiday, aliyeishi 1915 hadi 1959. Atasikia bendi ikishika pigo bila huruma, na juu yake sauti ya mwanamke ikifika nyuma ya pigo, ikikaa pale kwa utulivu, kisha ikafika mwisho wa sentensi pamoja na wenzake. Hakuna mtu mwenye masikio atakayesema kwamba bibi huyo alikuwa hajui kuhesabu. Alikuwa anajua hesabu kiasi cha kuweza kuiibia.

Msomaji ataniuliza: na yote haya yatuhusu nini sisi wa Kiswahili? Yatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya mwanafunzi. Kijana aliyeambiwa kwamba rubato ni uhuru huacha kuhesabu mapema, kabla hajajua kuhesabu vizuri, na makosa yake huyapa jina la sanaa. Anayeambiwa kwamba ni wizi hulazimika kuuliza: nimeiba kutoka wapi, nimempa nani, na je, besi angali mahali pake? Maswali haya matatu ni darasa zima la muziki. Tafsiri mbaya imemnyima kijana darasa hilo kwa neno moja.

Sababu ya pili ni ya lugha yetu. Nilipata kuketi katika kikao cha wakufunzi kilichokuwa kikipitia orodha ya istilahi za sanaa. Tulipofika kwenye neno hili, "kasi huru" ilipitishwa kwa hoja moja tu, kwamba kamusi ya Kiingereza iliyokuwa mezani ilisema vivyo. Nilipoomba iletwe kamusi ya Kiitaliano niliambiwa kwamba saa imekwisha. Hapo nadhani wakati wetu uliibwa kweli, wala haujarudishwa hata leo. Sina ugomvi na Kiingereza. Lakini kufasiri neno la Kiitaliano kutoka Kiingereza ni kama kununua samaki kwa mchuuzi wa tatu na huku pwani i karibu: utampata, lakini hutajua alivuliwa lini. Kiswahili kimechukua maneno kutoka Kiarabu, Kireno, Kihindi na Kiajemi kwa mkono wa kwanza, kwa kuishi na wenyewe na kufanya biashara nao, na kwa hiyo maneno hayo yamekaa imara. Lugha yenye historia hiyo haipaswi leo kuona haya kuuliza neno limetoka wapi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, neno rubato lipokewe katika Kiswahili kama lilivyo, kwa kuwa linatamkika kwa ulimi wetu bila taabu na irabu zake zote ni zetu. Pili, maelezo yake katika kamusi na vitabu vya shule yaanze na maana ya wizi, kwa maneno kama haya: kuiba sehemu ya wakati wa noti moja na kuipa noti nyingine, huku mapigo ya msingi yakidumu. Tatu, maana ya baadaye itajwe baada ya hiyo, ikiwa na namba yake, na kwa ajili yake mwalimu aweza kusema mwendo wa kunyumbuka, kwa kuwa kinyumbukacho hurudi. Ama "kasi huru", na ifutwe. Wenye haja ya uhuru wanayo senza misura na a piacere, nao wayafasiri maneno hayo watakavyo.

Na mwalimu atakayeliandika neno rubato ubaoni, kabla hajamruhusu mwanafunzi kugusa hata noti moja, na amwambie apige mkono wa kushoto peke yake, mara kumi, akihesabu kwa sauti, mpaka mapigo yasimame yenyewe bila msaada. Kisha amwongezee wa kulia.